Babu wa Tisa

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuwa na nia mbaya. Nia mbaya inahitaji mipango, na mimi nilikuwa na mfuko wa nguo chafu, fuvu la plastiki na likizo ya wiki sita.

Fuvu hilo lilikuwa mali ya maabara ya shule yetu ya bweni. Mwaka mzima lilikaa juu ya kabati likimwangalia mwalimu wa baiolojia kwa subira zaidi kuliko sisi. Siku ya kufunga shule lilipanda meli pamoja nami hadi kwetu visiwani, Roviana, likiwa limevishwa kaptula yangu ya michezo. Nyumbani nililiogesha kwa chai ya rangi siku mbili, nikalisugua kwa tope la mikoko, kisha nikalitundika kwenye tanuri la mbata lipate moshi. Hapo nilikosea kidogo. Moto ulizidi, shavu la kushoto likayeyuka na kulegea kama la mtu aliyeamshwa ghafla. Lakini rangi ilikubali. Ungelikuta porini ungelisalimia.

Mjomba wangu Tepakolo ndiye mtunzaji wa mafuvu ya ukoo wetu. Wako kwenye kisiwa kidogo mbele ya kijiji, wazee wanane, ndani ya kibanda cha mbao kisichozidi banda la kuku, kilichowekwa juu ya rundo la mawe ya matumbawe. Mbele ya kila mmoja ipo pete yake nyeupe ya kombe. Wote wanaelekea kilima chetu, kule bara. Kila Jumamosi Mjomba anavuka kwa mtumbwi, anafagia majani, anawawekea viazi vya kuchoma na kipande cha samaki, kisha anawahesabu kwa sauti kama mwalimu wa zamu bwenini. Kesho yake anavaa tai na kupitisha sahani ya sadaka kanisani. Mchungaji mmoja aliwahi kumuuliza anawezaje kufanya yote mawili. Mjomba akamjibu, "Mungu anajua ninakokwenda Jumamosi. Sijawahi kumficha."

Mimi nilitaka jambo moja tu, kumsikia Mjomba akifika tisa. Basi. Angeduwaa, mimi ningecheka, angenifukuza na kafi kuzunguka kisiwa, na jioni tungekula samaki. Kwa hiyo Ijumaa alasiri nilivuka peke yangu, nikafungua kile kimlango, nikasema, "Samahanini wazee, sogeeni kidogo," nikamweka mgeni pembeni kabisa upande wa kulia. Nilimpa hata pete ya kombe, ya kuazima kutoka kwenye kikapu cha mama.

Nisichojua ni kwamba Jumamosi hiyo Mjomba hakwenda peke yake.

Kijiji cha pili kuna mzee anaitwa Zekele, mtu wa sauti nzuri na shati lililopigwa pasi. Mzee Zekele alikuwa ameiambia kampuni moja ya magogo kwamba kilima chetu ni chake. Kampuni ikaleta tingatinga mbili kwa tishari na kuziegesha ufukweni, zikingoja karatasi. Kwetu kilima ni cha yule ambaye wazee wake wanakitazama. Basi Zekele akasema hata wale wanane ni wake, ila babu zetu waliwateka wakawazoea. Shauri likaenda kwenye baraza la machifu, na baraza likamtuma karani wa ardhi, Bwana Ramofale, aje aandike kilichomo kibandani kabla ya kikao.

Kwa hiyo siku niliyoichagua kwa mzaha wangu, walisimama mbele ya kibanda watu wanne: Mjomba na fagio lake, karani na daftari lake, Zekele na kikohozi chake, na mimi, niliyekuja kucheka.

Mjomba alifungua mlango, akainama, akaanza kuhesabu. Alipofika nane sauti yake ilikuwa tayari imeshuka kama ya mtu aliyemaliza. Halafu ikarudi.

"Tisa," alisema.

"Tisa?" aliuliza karani.

 Mjomba alihesabu tena, safari hii kwa kidole. Kisha akapiga magoti kwenye mawe yale makali, akavua kofia.

Bwana Ramofale alichungulia kwa heshima bila kugusa, akaandika tisa, akapiga picha. Zekele naye alichungulia kwa muda mrefu sana, akatoa daftari dogo mfukoni, akaandika lake. Mwisho karani akafunga mlango kwa waya, akaweka lakiri ya baraza juu yake.

"Asiguse mtu mpaka siku ya kikao," alisema. "Wiki tatu."

Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, na vyote viwili vilikuwa na afya njema. Sikusema kitu. Nikisema sasa, niliwaza, Zekele atapiga kelele kwamba sisi ni watu wa kutengeneza mababu kwa plastiki, na kilima kitaondoka. Usiku usipite bila kuiba fuvu lile, nilijiambia. Lakini ile lakiri ilikuwa nyekundu na kubwa kama kaa.

Wiki ya kwanza Mjomba alipunguza chakula. Wiki ya pili aliacha samaki, akabaki na maji ya dafu.

"Amepatwa na nini mjomba wako?" mama aliniuliza. Yeye ni dada yake. "Anazunguka vijiji vyote anauliza vikongwe. Jana alipiga kasia mpaka mlangobahari kumwona bibi mmoja kiziwi. Bibi akamsimulia habari za mbuzi."

"Anauliza nini?"

"Anasema kuna mzee wetu amemsahau. Baba yetu alimpa majina manane, yeye anadhani alipewa tisa na moja likamponyoka. Anasema amemnyima mtu chakula miaka ishirini na sita."

Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza. Kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, aliweka viazi nje, juu ya jiwe. Viazi tisa. Kile cha tisa kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Alikaa mbele yake akasema taratibu, kama mtu anayemwamkia mgonjwa, "Nisamehe, baba. Jina lako lilikuwa kwangu. Nipe hata herufi ya kwanza."

Nimewahi kuchapwa viboko mara nyingi na kwa sababu nzuri. Hakuna kilichoniuma kama kiazi kile.

Siku moja kabla ya kikao nilimfuata shambani kwake, kwenye matuta ya magimbi. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi. Ilipotea njiani.

"Mjomba, yule wa tisa ni wa plastiki."

Aliendelea kupalilia. "Wa nini?"

"Plastiki. Wa shule. Nilimtoa maabara, nikampaka tope, nikamweka Ijumaa ile. Nilitaka tucheke."

Alisimama akaegemea jembe. Aliniangalia hadi mbu wakapata nafasi ya kunitembelea wote.

"Haeri," alisema. "Una hakika?"

"Nilimsafirisha ndani ya kaptula yangu."

"Kwa hiyo wako wanane."

"Wanane."

"Sikumsahau mtu."

"Hukumsahau mtu, Mjomba."

Akaketi kwenye tuta, juu ya magimbi yake mwenyewe, akafungua kifurushi cha majani alichopewa na mama tangu asubuhi. Alikula gimbi la kwanza, la pili, akala na samaki, akaramba majani. Mimi nilisimama pale nikingoja hukumu kama kuku aliyeingia jikoni kwa miguu yake. Aliponyanyua kichwa alikuwa na uso nisioufahamu, mkavu kabisa.

"Kesho utasema haya mbele ya baraza."

"Tutapoteza kilima. Zekele atasema wote ni bandia."

"Atasema."

"Tunaweza kunyamaza. Tumpe jina lolote. Nani atajua?"

"Wanane watajua." Alifunga majani yale mafutamafuta na kuyatia mfukoni. "Sikia, mpwa wangu. Nikipewa kilima kwa kukiita kikombe cha plastiki babu yangu, nitakipanda kwa uso gani? Kesho utasema. Ukikimbilia porini nitakutoa. Ukijifanya mgonjwa nitakubeba. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa shika jembe. Umenipotezea wiki tatu za palizi."

Kikao kilifanyika kisiwani kwenyewe. Machifu watatu waliketi kwenye mkeka, mwenyekiti wao akiwa Chifu Odiketi, mzee mfupi asiyecheka hadi aandikiwe na daktari. Wanaume walisimama kuzunguka mawe. Wanawake kwa desturi hawakanyagi kisiwa kile, kwa hiyo walikaa ndani ya mitumbwi hatua chache kutoka ufukweni, wakisikia kila neno na kuchangia kila walipoona panafaa. Mama alikuwa mtumbwi wa mbele.

Karani alikata lakiri. Zekele alitangulia kwa sababu ndiye aliyefungua shauri.

Lazima niseme ukweli, alikuwa hodari. Alisimama kando ya kibanda, akafungua daftari, akawataja mmoja baada ya mwingine kwa ile sauti yake ya kwaya. Huyu alijenga mtumbwi wa watu arobaini. Huyu alioa wake sita na wote wakapatana. Majina yenyewe yalikuwa ya machifu wa zamani ambao kila mtoto wa Roviana amewasikia, lakini yalipangika vizuri. Alipofika pembeni kulia alishusha daftari.

"Na huyu," alisema, "ni Babu Lavakiri. Mtazameni shavu lake. Siku ya vita nyumba ya watoto ilishika moto. Aliingia mara tatu. Aliwatoa watoto kumi na mmoja. Mara ya tatu paa likamwangukia usoni."

Mzee mmoja nyuma yangu aliguna kwa huzuni. Mimi mwenyewe, niliyelitundika shavu lile juu ya moto wa makumbi, nilimwonea huruma babu yule.

"Tepakolo," alisema mwenyekiti. "Taja wako."

Mjomba alisimama bila karatasi. "Vivisa. Tukaravo. Lepo. Odikana. Sabiti. Gemuri. Hakumae. Nguzo."

"Endelea."

"Nimemaliza."

"Karani ameandika tisa."

"Karani ameandika alichokiona. Wa kwangu ni wanane. Huyo wa tisa mwulizeni mpwa wangu."

Watu wote waligeuka. Nilifikiria pori, nikakumbuka kwamba kisiwa kina miti minne.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nilisema, "na ninyi waheshimiwa machifu, na Bwana karani, na akina mama mlioko majini."

"Fupisha, Haeri," mama aliita kutoka mtumbwini. Alikuwa hajui ninachotaka kusema, lakini ananijua mimi.

Nikafupisha. Nilisema fuvu ni la shule, nani alilileta, lini, na kwa nini. Nilisema habari za chai na tope. Nilipofika kwenye tanuri la mbata na shavu, macho yote yalihama kwangu na kumwendea Mzee Zekele taratibu, kama jua linavyohama ukutani.

Karani alimtoa Babu Lavakiri, akampindua. Chini, karibu na tundu la shingo, palikuwa na skrubu mbili na namba ya kiwanda.

"Watoto kumi na mmoja," alisema Chifu Odiketi.

"Mimi nimesema niliyoambiwa na wazee wangu," alisema Zekele.

"Wazee gani?" mama aliuliza kutoka majini. "Wa duka lipi?"

Mitumbwi ilitikisika kwa kicheko. Lakini Zekele si mtu wa kuzama haraka. Alifunga daftari, akangoja watulie, akasema kwa upole, "Sawa. Nimedanganyika, kwa sababu nilidanganywa. Na aliyenidanganya ametoka nyumba gani? Kijana huyu anajua kutengeneza fuvu hadi karani wa ardhi anamwandika daftarini. Ametengeneza moja tu? Mjomba wake alimtuma moja tu? Mimi nasema hapa hakuna babu wa mtu. Hapa ni duka la plastiki, na kilima hakina mwenyewe. Apewe anayeweza kukitumia."

Kicheko kilikauka. Hilo ndilo nililoliogopa tangu mwanzo, na lilikuwa limesemwa vizuri zaidi ya nilivyoliogopa. Machifu wakanong'onezana.

"Itabidi watolewe," alisema mwenyekiti. "Wote. Karani awaangalie."

Tangu babu yake Mjomba awapange pale, hakuna aliyekuwa amewatoa nje. Nilimwona Mjomba akifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ameamua.

"Watatolewa," alisema. "Lakini karani hatawagusa. Ataangalia kwa macho. Atakayewatoa ni huyu." Akanielekeza kidole. "Ameshazoea kuingia bila hodi. Na mimi nitakaa kwa kuwapa mgongo. Kabla hajamtoa mmoja, nitawaambia mtakachokiona. Nikikosea, andikeni nimekosea."

Akatandika mkeka wake mbali na kibanda, akaketi akielekea kilima, mgongo wake kwetu. Mimi nikapiga magoti mlangoni.

"Wa kwanza kushoto," alisema. "Vivisa. Jino la nyuma juu, upande mmoja, limesagika hadi mzizi. Alikuwa akiuma kamba za mtumbwi."

Niliingiza mikono yote miwili. Alikuwa mkavu, mwenye chembechembe kama jiwe la kusugulia miguu, na baridi iliyoniingia hadi kwenye viwiko. Lile la plastiki halikuwahi kunipa baridi. Nilimtoa nikamshika mbele ya karani. Jino lilikuwa limesagika.

"Ndiyo," alisema karani.

"Tukaravo. Utosini kuna mshono haukufunga vizuri. Unaweza kuupitisha ukucha, lakini usiupitishe."

"Ndiyo."

"Lepo ni mdogo kuliko wote. Alikufa hajaota jino la mwisho. Walimweka hapa kwa sababu baba yake alikataa kutenganishwa naye."

"Ndiyo."

Sasa sikuwaogopa mababu tu. Niliogopa kuangusha. Nilimshika Odikana kama mtu anavyoshika mtoto mchanga wa mwanamke mwingine. Sabiti alikuwa na mzizi mwembamba wa mti uliopita jichoni, na Mjomba alikuwa amesema hivyo. Wanaume walisogea. 

"Gemuri," alisema Mjomba. "Tundu la mkuki, upande wa kulia, juu ya sikio."

Nilimtoa. Karani aliinama, akatazama, akazunguka upande mwingine.

"Upande wa kulia hakuna tundu," alisema.

Zekele alikohoa. Mimi nililiona tundu, lilikuwa kushoto, chini ya kidole changu gumba. Ningesema neno moja wangesema ninamsaidia. Niliuma ulimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwa faida.

Mjomba hakugeuka. Mgongo wake ulibaki umenyooka. Kisha polepole aliinua mkono wake wa kulia, akaupitisha hewani, mbele yake, kama anayemfuta mtu vumbi usoni.

"Kulia kwangu mimi," alisema. "Nimezoea kutazamana naye."

Chifu Odiketi aliinuka kwenye mkeka, akaja kusimama mbele yangu, akaniashiria nimgeuze Gemuri amwelekee. Alimtazama, akainua mkono wake mwenyewe wa kulia. Ulifika moja kwa moja kwenye tundu.

"Andika ndiyo," alimwambia karani.

Hakumae ndiyo. Nguzo ndiyo.

Nilipomrudisha wa mwisho, mwenyekiti alimgeukia Zekele. "Mzee, mkeka bado uko pale. Kaa alipokaa Tepakolo, utuambie habari za yeyote kati yao. Mmoja tu."

Zekele aliutazama mkeka. "Magoti yangu siku hizi hayakunji," alisema.

"Simama basi, tukugeuzie mgongo sisi," mama aliita. Hakuna aliyecheka sana, kwa sababu hapakuwa tena na haja.

Baraza liliandika kwamba kilima ni cha wale wanane na cha mtunzaji wao. Tishari liliondoka siku nne baadaye na tingatinga zake, matairi ya minyororo yakiwa safi kama yalivyokuja. Babu Lavakiri alibaki kwa karani kama kielelezo namba tisa, na nasikia anazuia karatasi zisipeperuke. Shule imeniandikia barua kumhusu. Nitaijibu nikipata maneno.

Hukumu yangu mimi ilitolewa na Mjomba mwenyewe, papo hapo ufukweni, watu walipokuwa wakipanda mitumbwi. Kila Jumamosi ya likizo, na kila likizo itakayokuja, nitakwenda naye kisiwani. Nitafagia mimi. Nitapika viazi mimi, vinane, sawasawa kwa ukubwa. Kisha nitamwomba radhi kila mmoja kwa jina lake na alama yake, kwa sauti, bila karatasi. Nilimuuliza hadi lini. Akasema hadi nijue bila kufikiri, na hata hapo tutaona.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilimwambia Mjomba kwamba wazee hawatakasirika tukingoja kesho. Alinitupia kafi. Nilisimama mbele ya kile kimlango maji yakinitiririka mgongoni, nikaanza. Nilimwomba radhi Vivisa mwenye jino. Nilimwomba radhi Tukaravo. Nilimwomba radhi Lepo, ambaye baba yake alikataa kutenganishwa naye, na kwake nilikaa kidogo. Nikaenda hadi Nguzo, nikavuta pumzi, nikageuka kuutafuta mtumbwi.

"Tukaravo umemtaja jina tu," alisema Mjomba kutoka chini ya jani la mgomba alilojifunika. "Mshono wake uko wapi?"

"Utosini."

"Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe."

"Nianzie kwa Tukaravo?"

"Anzia kwa Vivisa."

Nikafuta maji machoni, nikaanzia kwa Vivisa.